Mtangulizi wa Halvdan Myrbakk

Maji yalikuwa yametanda sakafuni, ndani ya mlango wa mapokezi, na tangu asubuhi hakuna mtu aliyeingia.

Solfrid Hauknes aliyakuta alipokwenda kuangalia taa iliyokuwa ikipepesa. Mapokezi ya wodi hiyo ni kichumba chenye milango miwili ya chuma, na ule wa nje haufunguki mpaka wa ndani ufungwe, kwa sababu wanaopitishwa hapo ni wagonjwa wa akili waliozidiwa, wengine na pingu mikononi na polisi ubavuni. Siku hiyo polisi hawakuja. Hata fundi wa taa hakuja. Lakini maji yalikuwepo, maji ya theluji iliyoyeyuka, na katikati yake vibonge viwili vya theluji ambavyo bado vilikuwa na chapa ya soli ya buti. Hewa ilinuka dizeli na sufu iliyolowa.

Alichukua mopu akapangusa mwenyewe, upesi upesi, kama mtoto aliyevunja bilauri.

"Siku hizi msimamizi wa zamu anapiga deki?" Sauti ilitoka kwenye korido. Alikuwa Jomar, muuguzi msaidizi, jitu refu lenye shingo nene na mdomo usiojua kupumzika.

"Bomba linavuja."

"Bomba gani, Solfrid? Hapo hapajawahi kuwa na bomba."

"Basi ni paa."

Jomar alitazama dari, akamtazama yeye, na kicheko kikamkauka. Akasogea karibu. "Na mimi nimesikia," alinong'ona. "Saa sita hii ya mchana. Mtu anakung'uta buti pale nje, mara mbili, kwa adabu kabisa, kama anaingia kwa watu. Nikabonyeza kitufe nikasema karibu. Hamna mtu, mwenzangu. Hamna hata nyayo."

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Wataniandikia vidonge."

Nje, hiyo saa sita ya mchana, kulikuwa giza. Ulikuwa ule msimu ambao jua halichomozi kabisa, na kila dirisha la mji lilikuwa limetundikwa nyota ya karatasi yenye taa ndani, pamoja na dirisha la chumba cha wauguzi.

Kule kaskazini kabisa mwa dunia, karibu kila ukoo una mtu anayesikia mtangulizi. Wenyewe humwita vardøger. Si mzimu, maana mwenye naye yu hai. Ni kitu kinachomtangulia mtu njiani, kinafika kabla yake, kinakung'uta theluji, kinatundika koti, kinavuta kiti. Ukienda kuangalia hukuti mtu. Baada ya muda mwenyewe anafika na kufanya yale yale. Baba yake Solfrid alikuwa na wa kwake, na mama akimsikia tu alikuwa anateleka kahawa, mzee akiingia anaikuta ya moto. Hakuna aliyeogopa. Walimzoea kama walivyomzoea paka wa nyumbani.

Solfrid alirithi masikio ya kuwasikia, na balaa lilianza alipoingia nayo kazini.

Wodi ile hupima kila anayepokelewa, na humpima tena kila zamu. Muuguzi humtazama mgonjwa kwa mambo sita. Je, amechanganyikiwa? Ana hasira za karibu? Anapiga makelele? Anatisha kwa maneno? Anatisha kwa mwili? Anapiga vitu? Lililopo ni moja, lisilopo ni sufuri, na zikifika tatu watu hujiandaa kwa shari. Ni kipimo kizuri, kimeokoa meno ya wauguzi wengi na mbavu za wagonjwa wengi. Sharti lake ni moja tu: uandike unachokiona, usiandike unachokihofia.

Sasa, kabla ya mgeni kufika, mtu mmoja mmoja alianza kumuuliza Solfrid kwa utani. "Haya, mama mwenye masikio, leo tunaletewa wa aina gani?" Naye angesema: mpole, anaburuta miguu. Au: analia. Na kweli, angefika mtu anaburuta miguu, angefika mtu analia. Utani ukawa desturi, na desturi ikawa kazi. Madaktari hawakuambiwa. Ikafika mahali alama za mgonjwa zilikuwa zimeshaingia vichwani mwa watu kabla mgonjwa mwenyewe hajashuka garini, na hakuna aliyeona ubaya wowote, Solfrid akiwa wa kwanza kutouona.

Theluji ya kwanza ya msimu ilipoanguka, wiki nyingi kabla ya yale maji, akaletwa Halvdan Myrbakk.

Alikuwa dereva wa lori la kusukuma theluji, kutoka kijiji kilicho ng'ambo ya ghuba. Hakuwa amelala kwa siku nyingi. Alisukuma theluji ya barabara moja, akaenda na kurudi, mpaka lami ikaanza kuchubuka na majirani wakapiga simu. Polisi walipomsimamisha aliwapa funguo mwenyewe. Hayo yote Solfrid aliyajua baadaye. Alichokijua siku ile, kabla gari la polisi halijafika, ni alichokisikia akiwa amesimama peke yake kwenye korido: buti zikikung'utwa, kisha guno zito la mwanamume, miguu ya kitanda cha chuma ikikwaruza sakafu, kitu kizito kikigonga ukuta, na sauti ya mwanamke ikipiga ukelele kama anayeumizwa. Hakuwahi kusikia mtangulizi wa kutisha namna ile. Aliingia chumba cha wauguzi uso umempauka.

"Huyu ni hatari," aliwaambia. "Huyu ataumiza mtu. Ataumiza mwanamke."

Halvdan akafika. Alikung'uta buti mlangoni, mara mbili, akavua kofia, akasema, "Samahanini kwa maji." Aliuliza kama anaweza kubaki na buti zake, kwa kuwa alfajiri lazima atoke akasukume theluji, watoto wa shule wasikwame. Akauliza tena. Solfrid akaketi kupima. Amechanganyikiwa: moja. Hasira: moja, kwa kuwa amerudia swali. Vitisho vya maneno: moja, kwa kuwa amesema lazima atoke. Alipofika kwenye vitisho vya mwili aliitazama mikono ya yule mtu, mikono mikubwa imeshika kofia ya sufu, haifanyi kitu, akaandika moja.

"Nne?" daktari aliuliza kwenye simu. "Basi ingieni watano, mumtenge."

Waliingia watano. Mtu akamshika kiwiko, mwingine akaziendea buti. Mtu ambaye hajalala kwa siku nyingi, akiguswa ghafla na watu watano, hujivuta, naye alijivuta. Kilichofuata ni kitanda cha mikanda, kile cha kumfungia mgonjwa mikono na miguu. Alilala humo siku mbili, na siku ya pili bonge la damu lilipanda kutoka mguuni likaziba mapafu, akafa huku anaomba maji.

Wakaguzi walikuja. Walikuta namba nne, wakasema taratibu zilifuatwa. Mmoja wao alimsifu Solfrid kwa kuona mapema.

Lakini kulikuwa na mama. Jina lake Aslaug, na kila wiki alipiga simu wodini kuuliza swali lilelile. "Mwanangu alimpiga mtu?" Kijijini walikuwa wanasema heri alikufa kabla hajawageukia watoto wa shule na lile lori. Dukani watu walinyamaza akiingia. Bibi huyo alikataa hata kuchukua vitu vya marehemu. Alisema atachukua buti zake siku watakayomjibu. Basi buti zilibaki kwenye kabati la stoo, kwenye mfuko wa plastiki, na kila simu yake ilipolia Solfrid alikuwa na jambo la haraka mahali pengine. Wenzake walimjibu bibi kwamba habari za wagonjwa hazitolewi kwa simu.

Alichokuwa anakiomba yule mama ni neno moja, na mwenye nalo alikuwa Solfrid peke yake. Alilijua hilo. Alilala nalo, akaamka nalo, akanywa nalo kahawa.

Siku moja baada ya yale maji, buti zilisikika tena, na safari hii ndani ya mlango. Kesho yake zilisikika kwenye korido. Wodini kulikuwa na mgonjwa aitwaye Gudlaug, mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mtaratibu ambaye shida yake ilikuwa huzuni. Alisimama kwenye mlango wa chumba chake na mswaki mkononi.

"Kuna bwana anakung'uta buti pale mlangoni," alisema. "Mbona hamumkaribishi? Ni ufidhuli."

"Hakuna mtu, Gudlaug," alijibu muuguzi mgeni, msichana aliyeanza kazi wiki hiyo. Aliporudi mezani aliandika: amechanganyikiwa, moja. Solfrid alikuwa ameketi kando yake. Buti alikuwa amezisikia vizuri kuliko Gudlaug. Alitazama ile moja ikiandikwa, aibu ikampanda mpaka masikioni, akaiacha ibaki.

Mchana huo alikwenda stoo, akafungua kabati. Mfuko wa Halvdan ulikuwa umefungwa vilevile kwa fundo alilolifunga mwenyewe wiki nyingi nyuma. Ndani, buti zilikuwa zimelowa chapachapa, na kwenye soli kulikuwa na theluji.

Aliufunga tena. Alilikaza fundo kuliko mwanzo.

Ilikuwa ni wakati wa chakula, siku iliyofuata, wodi imetulia, wagonjwa wanakula supu ya samaki, ndipo vishindo vilipoanza ndani ya kile chumba cha kitanda cha mikanda. Kilikuwa kitupu; ufunguo ulikuwa kiunoni kwa Solfrid. Alikuwa anapita mbele yake na Jomar, Jomar amebeba sinia la vipande vya mkate na jibini ya kahawia, anahadithia jinsi mkewe alivyomfungia nje, na wote wawili wakasimama pamoja bila kuambiana.

"Umesikia?" Jomar alinong'ona.

"Nyamaza."

Kwanza zilikuja buti, mara mbili, kisha ile harufu ya dizeli ikapita chini ya mlango na kuwafika miguuni kama baridi, kisha guno, lile guno zito alilolisikia siku ile kwenye korido, ila sasa lilikuwa karibu kiasi kwamba Solfrid aliweza kutambua kuwa halikuwa la hasira hata kidogo, lilikuwa la mtu aliyeshtuliwa na kuogopa, na kitanda kikakwaruza, na kifungo cha mkanda kikagonga chuma, na kitu kizito kikapiga ukuta ambacho sasa alijua kuwa ni kichwa, na katikati ya vishindo vile mtu akakohoa, kikohozi kikavu cha mara tatu chenye filimbi mwishoni, na Solfrid akageuka kumtazama Jomar kwa kuwa kikohozi kile kilikuwa chake, cha yale mafua yaliyomsumbua msimu theluji ilipoanza, na Jomar alikuwa amesimama pale kando yake, mdomo umefumba, macho yamemtoka, na kikohozi chake kinasikika ndani ya chumba kilichofungwa. Na hapo ndipo ukelele wa yule mwanamke ulipokuja, ule ambao kwa ajili yake mtu aliandikiwa nne, na safari hii maneno yake yalisikika moja moja.

"Mkono wa kushoto! Mshikeni mkono wa kushoto!"

Sinia lilianguka. Vipande vya mkate vikatapakaa.

"Hiyo ni sauti yako," Jomar alisema.

Solfrid aliegemea ukuta akateleza taratibu mpaka akakaa chini. Hakuna mwanamke aliyekuwa anaumizwa. Alikuwa yeye, anaamrisha. Siku ile, kabla Halvdan hajashuka garini, masikio yake yalimletea vishindo ambavyo wao wenyewe walikuwa wanakwenda kumtendea, naye akamtwisha Halvdan.

"Tulikuwa sisi," alisema. "Jomar, nilichosikia tulikuwa ni sisi."

"Usiseme hivyo."

"Yule bwana alisimama na kofia mkononi. Aliomba radhi kwa maji. Mimi nikaandika nne."

Jomar alipiga magoti akaanza kuokota mkate, kipande kimoja kimoja, machozi yanamdondoka kwenye jibini. "Mimi ndiye nilimshika kiwiko," alisema.

Huko kaskazini, kitu kama hicho kikizidi, watu hupiga simu kwa msomaji. Hatoi dawa, husoma maneno ya Mungu kimoyomoyo, na wanasema damu hukoma na nyumba hutulia. Wauguzi huwapigia zaidi ya wanavyokiri. Msomaji wa Jomar alikuwa shangazi ya mkewe, Berit-Anne, aliyekuwa akiuza matairi na mwanawe karibu na mpaka. Walimpigia wakiwa ndani ya kile kichumba cha milango miwili, simu wameiweka sakafuni, sauti wameifungulia.

"Shangazi, ni Jomar. Kuna kitu hapa kazini."

"Kinatoka damu?"

"Hapana. Kinakung'uta buti."

"Basi kingoje. Bingo ya redio haijaisha, na nimebakiza namba moja."

Wakangoja. Walisikia mtangazaji akitaja namba, walisikia bibi akitukana, kisha redio ikazimwa. Bibi akaanza kusoma kimoyomoyo. Taa iliyokuwa ikipepesa ikatulia, na Jomar akaanza kupumua. Halafu nje ya mlango, kwa adabu, mara mbili, buti zikakung'utwa.

"Nimesoma," Berit-Anne alisema. "Amenisikia, hana ukaidi wowote. Lakini siwezi kumtoa mtu ambaye hajaingia. Nani alimpokea huyu?"

"Mimi," Solfrid alisema.

"Sauti yako siijui. Ulimpokea nani?"

"Halvdan Myrbakk."

"Sikukuuliza jina."

Solfrid akafumba macho. "Nilimpokea aliyemtangulia."

"Ehe. Mkamkaribisha huyo, mkamfunga huyo, mkamwandika huyo. Mwenyewe mkamwacha mlangoni. Sasa anangoja aambiwe karibu, na jina lake mmelifungia ndani na yule mwingine."

"Nitamwambia karibu. Namwambia sasa hivi."

"Hapo hospitali? Nani anataka kukaribishwa hospitali, mama? Ana mtu kwao?"

"Ana mama yake."

"Basi hunihitaji mimi," bibi alisema, na simu ikakatika.

Solfrid hakumaliza zamu. Alikwenda kwanza mezani, akafuta ile moja ya Gudlaug, akamwambia yule msichana mgeni, "Nami nilisikia buti. Huyo mama hajachanganyikiwa." Msichana alibaki mdomo wazi. Kisha akautoa ule mfuko stoo, akauweka kwenye kiti cha mbele cha gari, akaendesha.

Njia inazunguka ghuba na kupita chini ya mlima kwenye handaki refu lenye taa. Dereva mpya wa theluji alikuwa mvivu. Barabara ilikuwa na matuta, na mara mbili gari lilimteleza. Alitamani liteleze kabisa, akajichukia kwa kutamani hivyo. Njia nzima alikuwa anatafuta maneno. Alikuta midomo yake imeshayapanga yenyewe: Alikuwa hatari, mama, tulilazimika. Nakupa pole. Yalikuwa maneno mazuri, hayana uongo wa kukamatwa nao, maana karatasi ilisema hivyo na wakaguzi walisema hivyo. Akiyasema atanywa kahawa, ataacha buti, atarudi kazini. Akisema lile jingine, kazi imekwisha, na jina lake ndilo litakalonyamaziwa madukani.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya mbao nyekundu, ina nyota dirishani. Aliziweka buti za Halvdan ukumbini nje ya mlango wa jikoni, sambamba, akakung'uta za kwake mara mbili. Kabla hajagonga, mlango ulifunguliwa.

"Umerudi," alisema Aslaug Myrbakk. Alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa sweta la mwanamume.

"Sijawahi kufika hapa, mama. Mimi ni—"

"Najua wewe ni nani. Umefika hapa saa nzima iliyopita." Alimwonyesha kiti. Mezani palikuwa na kahawa imeshamiminwa, imepoa, na mkate mwembamba wa viazi uliopakwa siagi na sukari. "Nilikusikia unakung'uta theluji. Ukaingia, ukakaa hapo. Ukasema, 'Alikuwa hatari, mama, tulilazimika.' Ukanipa pole. Ukaondoka. Nikatoka kuangalia, hakuna gari. Nikajua mwenyewe uko njiani. Basi nimekaa nakungoja uje uyaseme hivyohivyo, na saa nzima hii nimekuchukia mpaka mikono imekufa ganzi."

Solfrid akakaa. Kiti kilitoa mlio, na alijua kwamba mlio huo nao umeshasikika humu. Maneno yalikuwa mdomoni, yamepangwa, yalihitaji pumzi tu. Maisha yake yote alichotangulia kukisikia kilifika. Hakuwahi hata siku moja kujiuliza kama kilifika kwa nguvu zake chenyewe, au kilifika kwa kuwa yeye alikwenda kukifungulia mlango.

"Hakumpiga mtu," alisema.

Aslaug hakujongea.

"Tunaangalia mambo sita mgonjwa akiingia. Mwanao hakuwa na la kuogopesha hata moja. Alivua kofia. Aliomba radhi kwa maji. Mimi nikaandika nne."

"Kwa nini?"

"Nilisikia kabla. Kama ulivyonisikia wewe. Nilisikia mwanamke anapiga ukelele, nikasema mtu huyu ataumiza mwanamke. Kumbe nilikuwa mimi, ninawaamrisha wenzangu wamshike. Alijivuta tu, mama. Mtu yeyote angejivuta. Na sikumtazama. Nilimsikiliza yule aliyetangulia, huyu wa kweli nikawa simtazami."

Aslaug alivuta mikono ya lile sweta mpaka ikamfunika vidole.

"Utayasema haya dukani?"

"Nitayasema."

"Kwa wakubwa wako?"

"Leo hii hii."

"Watakufukuza."

"Ndiyo."

"Mimi sikusamehe," alisema Aslaug.

"Sikuja kuomba hilo."

"Vizuri. Kunywa kahawa."

Solfrid alikinyanyua kikombe kwa mikono miwili. Kahawa ilikuwa baridi na chungu, akainywa yote. Alikuwa bado hajakirudisha mezani waliposikia nje, ukumbini, buti zikikung'utwa, mara mbili, na harufu ya dizeli na sufu iliyolowa ikaingia jikoni polepole.

Alinyanyuka. Hakufikiri, alinyanyuka kwa mazoea ya miaka mingi ya kwenda mlangoni na kukuta hakuna mtu. Aslaug alimshika mkono, wa kushoto, akamrudisha kitini. Kwa mkono mwingine alikuwa tayari anavuta kikombe cha tatu kutoka kabatini.

"Kaa," alisema kwa sauti ya chini. "Usimkimbilie. Mwache avue viatu kwanza."